Hata Ziwa Linapumzishwa

Nilimwambia mama yangu "aah!" Ilikuwa saa tisa usiku, mvua inapiga bati, nimetoka kutandika shuka la tatu, na nilipomlaza tu nikasikia joto la mkojo likinijia tena mkononi. Ikanitoka. Halikuwa tusi, wala sikupaza sauti, ilikuwa pumzi iliyotoka na mlio. Lakini mimi ni mtoto wa Ujiji, nimekalia jamvi la madrasa tangu sijang'oa jino la utoto, na aya ya 23 ya Sura Al-Israa nimeihifadhi: wazazi wakifikia uzee wakiwa kwako, mmoja wao au wote wawili, usiwaambie hata "ah". Katika maneno yote ambayo mtoto angeweza kukatazwa, likakatazwa hilo dogo kuliko yote. Zamani nilidhani ni namna tu ya kusisitiza. Siku hizi naona Mola anajua hasa neno hilo humtoka mtu saa ngapi.

Mama ana miaka 81 na huu ni mwaka wa sita yuko kitandani. Siku ilipomkuta, mwaka 2020, alikuwa uani anachambua dagaa. Ungo ukamponyoka mkono wa kulia, akautazama ule mkono kama wa mtu mwingine. Alipotaka kusema, mdomo ukaenda upande. Mjomba akasema ni upepo mbaya, kapitiwa, nasi tukamsikiliza mjomba. Siku mbili zikaishia kwenye kombe na mafusho. Ya tatu ndipo tukafika hospitali, tukaambiwa ni kiharusi. Presha alikuwa nayo miaka mingi, ila dawa alimeza siku kichwa kikimuuma tu, kama inavyofanya nusu ya mtaa wetu. Daktari akatueleza kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio uliokosa damu, na upande huo ndio unaoendesha mwili wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaobeba maneno. Saa za mwanzo ndizo zilizokuwa na thamani, akasema, kisha akanyamaza. Nadhani aliziona sura zetu.

Maneno aliyobaki nayo ni matatu. "Basi." "Hapana", ambayo mara nyingi maana yake ni ndiyo. Na tusi moja la sokoni ambalo sitaliandika hapa. Ajabu ni kwamba Alhamdu anaisoma mwanzo hadi mwisho bila kudondosha herufi, na ukimwanzia "moja, mbili" anafika ishirini. Maji hawezi kuomba. Binti wa dada yangu anayesomea uuguzi aliniambia hilo ni jambo la kawaida, kwamba yale tuliyoyarudia maisha yote hayapiti njia moja na maneno ya kutunga papo hapo. Basi chumbani kwetu mwenye kiu anasoma Fatiha, na mimi nakwenda kuleta kikombe. Na kikombe chenyewe si cha maji matupu. Maji yanampalia kuliko uji, kwa hiyo nakoroga uji wa ulezi mwembamba lakini wenye mwili, namkalisha wima na mito mitatu, kijiko kimoja, nasubiri koo lishuke, kingine. Akimaliza abaki amekaa kama nusu saa. Bakuli moja linaweza kula saa nzima.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa Kibirizi, mwalo wa samaki hapa Kigoma. Nilinunua dagaa na migebuka kwa wavuvi alfajiri, nikauza Mwanga, na pesa yangu nilikuwa naishika mwenyewe. Nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani na watoto wawili, na sikuwa na deni la mtu. Kukesha hakukuwa kitu kigeni kwangu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku wa giza, taa zinawaka juu ya maji mpaka ukiwa mlimani unadhani kuna mji mwingine kule. Mbalamwezi ikikomaa, vyombo vinalala, watu wanashona nyavu na kurudisha usingizi. Hesabu ya usingizi wangu ilikuwa ya mwezi. Sasa ni ya saa mbili mbili, kila zikipita namgeuza mama.

Kwa nini saa mbili? Kwa sababu nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu, na ikikosa damu muda mrefu inakufa, na inaanza kufa kwa ndani kabla ngozi haijaonyesha kitu. Unaona doa tu, jeusi kuliko ngozi nyingine, la moto ukiligusa. Wiki inayofuata ni shimo. Mahali penyewe ni pale mfupa ulipo karibu: juu ya makalio, nyonga, vifundo, visigino, hata nyuma ya kichwa.

Nimweleze asiyewahi kufanya. Nawasha taa ya simu, naiegemeza kwenye chupa ya chai isimpige machoni. Namwambia, "Mama, nakugeuza," hata kama amelala, maana akishtuka anakakamaa na uzito unakuwa mara mbili. Chini yake kuna kanga iliyokunjwa, kutoka mabegani hadi mapajani. Hiyo ndiyo ninayovuta. Mwili wenyewe siuburuti, ngozi ya mzee ukiiburuta inachubuka kama ganda la nyanya iliyotoka kwenye maji ya moto. Naukunja mguu wake wa kulia, nashika kanga nyuma ya bega na nyuma ya nyonga, navuta kuja kwangu. Anakuja wote, na pumzi yake inanipiga shingoni. Mto mgongoni asirudi. Mto katikati ya magoti, mfupa usisagane na mfupa. Kanga nyingine nimeiviringisha, inakaa chini ya muundi ili kisigino kining'inie hewani. Halafu naangalia sikio lisijikunje, na ule mkono wa kulia usilaliwe, kwa sababu ukilaliwa yeye hatajua, nitajua mimi asubuhi nikiukuta umevimba kama andazi. Dakika kumi kama kukavu. Kama kumelowa, arobaini.

Nepi za watu wazima pakiti moja ya 10 nainunua shilingi 18,000. Nimejifunza kuzitumia usiku tu na siku ya safari. Mchana tunatumia vitambaa vya kanga kuukuu, ndiyo maana kamba ya uani kwetu haijawahi kukauka tangu mwaka 2020. Watoto wa jirani wameshazoea kucheza chini yake.

Wageni wanakuja, siwezi kusema hawaji. Ujiji bado tunajuliana hali. Wanaleta sukari, kipande cha sabuni ya mche, mawese kwenye chupa ya soda. Wanakaa karibu na mlango, maana dirisha la chumba ni dogo na harufu ni harufu. Kila mmoja ana dawa yake. Mmoja alitaka nifungue kapsuli za rangi mbili nimwage unga wake kidondani, na nilishafanya hivyo miezi miwili kabla muuguzi hajanigombeza na kuniambia nioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, nikaushe, nifunge. Na kabla hawajaondoka lazima waseme, "Una bahati wewe, mwanangu. Pepo unayo humu ndani. Pepo iko chini ya nyayo za mama."

Nyayo hizo nazijua kuliko wao. Kisigino cha kulia kina kidonda sawa na sarafu ya shilingi 200.

Pepo naitaka, sijafika mahali pa kuikataa. Ila nimeanza kuona kazi ya sifa hizo. Mtu akishakwambia una bahati, ameshatoka mlangoni. Nani amnyang'anye mwenzake bahati? Ukilalamika unaonekana unakufuru. Ukisema umechoka, unaambiwa mbona yeye alikubeba miezi tisa. Ni kweli alinibeba. Alitubeba watano.

Hao wengine wanne sio watu wabaya, naomba niwatendee haki. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, anatuma pesa kila mwezi na hajaruka hata mmoja. Kuna kaka wa Mwanza, anatuma akipata. Dada yupo kwa mumewe Kasulu na ana wajukuu wake. Mdogo wetu wa mwisho ni mvuvi, tunakaa naye mtaa mmoja, anapita kila siku na samaki mkononi, anasimama mlangoni, anasema, "Mama, shikamoo," mama anamwambia "basi", anaondoka. Kwa kumwosha, wote watatu wa kiume jibu lao ni moja: sisi ni wanaume, hatuwezi kumtazama mama. Na mimi nililikubali hilo miaka mitano kama sheria, bila kujiuliza kwa nini hata kumgeuza, ambako amevaa dera lake na kajifunika, nako kuliingizwa humo humo.

Kwenye grupu letu la WhatsApp kaka wa Dar ndiye shehe wetu. Aya ile ya 23 ameituma mara nyingi, na picha ya waridi nyuma yake. Mara moja nilimwandikia kwamba nimechoka, nikaletewa hiyo. Baadaye nikatumiwa 50,000. Nilizihitaji, nikazipokea, nikalia. Pesa inanunua nepi lakini haimgeuzi mtu saa tisa usiku.

Serikali nayo inaongea kama wageni wa mlangoni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka wazi kwamba familia ndiyo itaendelea kuwa taasisi ya msingi ya kuwatunza wazee. Neno zuri. Ila "familia" ikifika nyumbani inakuwa na jina la mtu mmoja, na mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi ni yule ambaye hana ndoa ya kumzuia. Zanzibar walianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya kila mwezi, awe alikuwa mwajiriwa au la. Ilianza na shilingi 20,000. Si utajiri, lakini mzee akiwa na 20,000 yake ndani ya nyumba, anakuwa mtu anayechangia. Huku bara mama yangu aliyeuza dagaa maisha yake yote hana daftari lolote la kupokelea.

Matibabu ya wazee wasio na uwezo ni bure, hilo lipo na kadi tunayo. Kuna hospitali moja niliyokwenda kumchukulia dawa za presha. Dirisha la wazee lina kibao cha kuwapisha mbele, na walinipisha kweli, sikukaa foleni. Dada wa dirishani akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?" Nikasema yuko kitandani, hawezi kukaa. Akasema dawa za msamaha hazitoki bila mgonjwa kuonekana. Sikumchukia, alikuwa anafuata alichoambiwa. Kesho yake nikamkodia mama bajaji. Wa kwanza alipochungulia na kuona hali akasema ana abiria. Wa pili akakubali kwa nauli mara mbili na nailoni ya kutandika kwenye kiti. Mama akalala mapajani kwangu, miguu ikabaki nje, mpwa wangu akaishikilia huku anakimbia pembeni kwenye mashimo. Tukafika. Yule dada akatoka nje, akamwona dakika moja, akasema haya. Akatupa vidonge vya siku thelathini.

Mwaka jana yule mpwa wangu wa uuguzi alikuja likizo na karatasi ya maswali. Aliniambia hii si ya mama, ni ya kwako shangazi. Mimi ni mama yake mdogo, ila tangu aanze kusema ananiita shangazi na hatujawahi kumrekebisha. Maswali ni 22, yalitungwa Marekani na watafiti wa mambo ya uzee, na yanaitwa kwa jina la aliyeyaanzisha mwaka 1980, Steven Zarit. Unajibu kuanzia 0, yaani kamwe, hadi 4, karibu kila mara. Je, unaona huna muda wako mwenyewe? Je, unaona afya yako imeharibika? Je, unaona maisha yamekutoka mikononi tangu ndugu yako augue? Kuna linalouliza kama unaona haya kwa tabia za mgonjwa, nikakumbuka lile tusi na imamu aliyekuja kumwombea dua, nikacheka mpaka mama akaniangalia.

Alikuwa anauliza kwa Kiswahili chake cha chuo, mimi namenya mihogo. Tulipofika swali la mwisho, ambalo ni kwa ujumla unajiona umelemewa kiasi gani, nilinyamaza kwa sababu sikuwahi kuulizwa. Miaka yote hiyo watu wakiingia wanasema, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nami nina jibu tayari, anaendelea vizuri. Juu ya 60 unahesabika umelemewa sana, na mwisho ni 88. Nilipata 58. Nilidanganya maswali manne.

Mwaka 2024 lilitokea jambo ambalo lilinikaa moyoni, na sijui kama wengine walilitazama kama mimi. Ziwa lilifungwa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 hakuna kuvua Ziwa Tanganyika, nchi zote nne zinazolizunguka zilikubaliana, ili samaki wapate kuzaliana. Kibirizi pakawa kimya. Watu walilalamika, na walikuwa na haki, maana njaa haina miezi mitatu ya kusubiri. Mdogo wangu akawa anashinda barazani anaziba nyavu. Lakini hoja ya wataalamu aliielewa, na akanieleza mwenyewe, kwamba kitu ukikichota kila siku bila kukipa nafasi kitakwisha, na wewe utabaki na mtumbwi. Nilikuwa nafua. Nikamwangalia, nikasema, "Hata ziwa linapumzishwa, mdogo wangu." Akaitikia, "Ehe." Hakuelewa, na mimi sikumfafanulia. Makosa yangu yako hapo: nimekaa miaka nikitaka watu waelewe bila mimi kusema.

Aliyesema kwa niaba yangu ni mgongo. Mwezi wa tatu mwaka huu, nikiwa nambeba kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti, nilisikia kitu kimekatika kiunoni kama ufito. Nilimrudisha, hilo nashukuru, hakuanguka. Kisha mimi nikakaa chini na sikuweza kuinuka. Siku ya kwanza jirani yetu alihudumia wagonjwa wawili. Siku ya pili dada akafika kutoka Kasulu. Siku ya nne kaka wa Dar akashuka kwenye basi, na begi lake la ofisini.

Mchana dada na jirani walimwosha mama. Usiku dada alikuwa hajiwezi, ana sukari na miguu inavimba, kwa hiyo zamu ikamwangukia kaka. Nilimfundisha nikiwa nimelala kwenye mkeka, nanyoosha kidole: kanga, goti, bega, vuta. Mama akamtukana lile tusi lake mara ya kwanza alipovuta vibaya. Kaka, mtu wa kusalisha tarawehe, akabaki mdomo wazi. Sikujua kama nicheke, mgongo haukuruhusu.

Usiku wa kwanza aliamka mara zote. Usiku wa pili nilikuwa chumba cha pili, ukuta wetu haufiki juu, na kila kitu kinasikika. Saa nane nilisikia anamgeuza. Saa tisa na kitu nikasikia shuka linavutwa, ndoo, maji yanakamuliwa, akinong'ona mwenyewe kwamba amembadilisha sasa hivi tu, sasa hivi tu. Kimya kidogo.

"Aah!"

Kisha nikamsikia anaomba msamaha. Astaghfirullah, astaghfirullah, mama nisamehe. Mama akamwambia "basi".

Asubuhi alikuja kukaa kwenye mkeka wangu, macho mekundu. Alikunywa chai kimya. Mwishowe akaniuliza, "Huwa unalala saa ngapi?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole kama mtu anayekadiria matofali, akahesabu tena. Wala sikumwambia nilichosikia, na yeye hakunieleza. Tangu siku hiyo aya haijaonekana tena kwenye grupu.

Alikaa siku tisa. Kabla hajaondoka tuliita wote, wa Mwanza akiwa kwenye simu iliyowekwa juu ya kopo, tukachukua kalenda ya duka la dawa iliyotundikwa ukutani tukaanza kuandika majina. Haikuwa mazungumzo matamu. Wa Mwanza alisema yeye atatuma, nikamwambia kutuma tumeshakujua, sema tarehe za kuja. Akakasirika, akakata, akapiga tena. Dada amechukua wiki ya kwanza ya kila mwezi, mchana. Kaka analipa binti wa jirani alale hapa Jumamosi na Jumapili, na nimemfundisha kanga. Godoro la hewa, lile la vifuko linalojaa na kupungua kwa zamu, bado tunachanga.

Na mdogo wetu mvuvi amechukua usiku wa mbalamwezi. Alisema mwenyewe, "Dada, hizo siku mimi niko bure." Anakuja baada ya isha, ananuka dagaa, anavua viatu mlangoni, na sasa haishii mlangoni. Mama anamtukana akikosea, naye ameanza kumjibu, "Haya mama, nimesikia." Mimi nalala chumba cha pili. Usiku wa kwanza niliamka kila baada ya saa mbili bila kuitwa, nikakaa kitandani gizani, nikarudi kulala. Kisigino kimeanza kufunga, kwa pembeni kuna nyama mpya ya waridi.

Mwezi unapungua sasa. Taa zimeanza kuonekana tena ziwani, na kwenye kalenda kuanzia Alhamisi hakuna jina ila langu.